Jalada la Kitabu cha Shaikha

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, wanawake wachache wa Bagamoyo hukusanyika kibarazani kwa Bi Mgeni, wakanywa kahawa na kuulizana swali moja: unasoma nini sasa? Kila mtu hutaja kitabu chake, akakisifu au akakiponda, na kikipendwa hupewa mwingine akasome. Lakini hakuna kitabu kinachozunguka uchi. Kwanza hupitia kwa Mwanamvua, fundi cherehani wa karibu na soko la samaki, naye hukishonea jalada kwa vipande vya vitenge vinavyobaki kwenye magauni ya watu.

Kwa miaka mingi jalada lilikuwa lake na neno lilikuwa lake. Mwanamvua akisema kitabu kitamu, kinagombewa. Akikunja pua, kinarudi kabatini. Hakuna aliyemchagua wala aliyewahi kumpinga, naye alikipenda cheo hicho kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ndipo akaja Shaikha. Alikuwa ameolewa juzi juzi kwenye nyumba ya wenye duka la vitambaa, ana sauti ya upole na mikono isiyotulia anaposimulia. Ijumaa yake ya kwanza tu alitaja hadithi ya wake wenza wawili waliofiwa na mume wakabaki nyumba moja, kila mmoja akingoja mwenzake ahame. Alisimulia mwanzo, akanyamaza. Kahawa ikapoa vikombeni. Hata Dija, ambaye kwa kawaida husinzia, akasema, "Mimi wa kwanza!" Hakuwahi kusema hivyo kwa kitabu chochote cha Mwanamvua.

"Nipe nikakishonee jalada," akasema Mwanamvua, akitabasamu kwa meno tu.

Hakukishonea. Dija akipita kuuliza, uzi umekwisha. Akipita tena, sindano imevunjika. "Na wala usikiharakie, Dija. Nimechungulia kidogo, kitabu chenyewe hakina chumvi." Uongo mtupu. Alikuwa amekitupa chini ya rundo la sare za shule, na kila akilitazama rundo lile moyo ulimfukuta. Kina nini hasa kitabu hicho? Na huyu mtoto wa juzi, ana nini?

Mchana mmoja, wateja wakiwa wamepungua, akakichomoa ili atafute kasoro, apate la kusema Ijumaa. Kasoro hakuiona. Alipoinua kichwa, chai yake ilikuwa baridi na mteja alikuwa mlangoni akipiga hodi kwa hasira. Siku iliyofuata gauni la mtu lilimlalia mapajani likiwa limeshonwa mkono mmoja tu, yeye yu upande wa mke mkubwa, akimlaani mdogo kwa sauti. Kitabu kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ulimuuma. Kwa nini hakikutoka mkononi mwake?

Alikuwa amebakiza kurasa chache Shaikha alipoingia. Mwanamvua akakifunika haraka kwa kitambaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani kwa usumbufu. Dija kaniambia hukukipenda kitabu changu, na wengine nao wamekata tamaa. Binamu yangu wa Msata anakiulizia kila siku. Kama hukisomi, nimpe konda wa basi leo ampelekee."

Mwanamvua alitaka kumwomba amwachie amalize. Lakini amwombe nani? Huyu?

"Chukua tu, mdogo wangu," akasema, akakitoa chini ya kitambaa. "Mambo ya wake wenza si tunayasikia mitaani bure?"

Shaikha akakitia mkobani, akashukuru, akaondoka. Mwanamvua alikaa mbele ya cherehani asishone kitu. Mke mdogo alikuwa ndio kwanza anafunga sanduku. Anahama au hahami?

Ijumaa Mwanamvua alikuja na kitabu chake mwenyewe, akakisifu weee. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha Bi Mgeni akamgeukia Shaikha.

"Mwanangu, kile cha wake wenza kimeshakwenda Msata, na hapa hakuna atakayekisoma. Hebu tumalizie basi. Nani alihama?"

Mikono ya Shaikha ikainuka. "Basi, mke mdogo akashika sanduku, akafika mlangoni..."

"Usiseme!"

Kibaraza kizima kikageuka. Mwanamvua alikuwa amesimama, kikombe chake kimepinduka juu ya mkeka, viganja amevibana masikioni. Dija akautazama mkeka, akamtazama yeye.

"Si ulisema hakina chumvi?"

Uso wa Mwanamvua uliwaka moto, na vicheko vikaanza. Shaikha peke yake hakucheka. Aliinama akakiinua kikombe, akauliza kwa ile sauti yake ya upole:

"Umefikia wapi, dada?"

"Pale anapofunga sanduku."

"Maskini," akasema Shaikha, na huruma yake ilikuwa ya kweli, jambo lililomuuma Mwanamvua zaidi. "Basi bado hujaona kitu."

Mwanamvua akaketi. Vicheko vya wenzake hakuvisikia tena. Aliutazama uso wa yule binti, uso wa mtu anayeujua mwisho, akautamani ujuzi ule.

"Kinarudi lini?" akauliza.

"Sijui, dada. Nasikia huko Msata wanakigombea."