Kosa la Mwaka Sitini na Moja

Haydn Pugh alikuwa na masharti yake. Mtu akienda naye kwenye maonyesho ya reli ndogo za mfano, zile zinazojengwa juu ya meza, kwa mara ya kwanza, lazima avae viatu vya kutembelea, aache begi la mgongoni nyumbani, ale kabla ya saa tano, na asitamke neno "midoli" mpaka warudi garini.

"Kwa nini kabla ya saa tano?" aliuliza jirani yake, Nesta, wakiwa njiani kwenda mji wa Oswestry.

"Kwa sababu mikate ya nyama ya nguruwe inakwisha saa tano na robo. Hawa watu bila wake zao wanaishi vizuri tu, Bi Nesta. Bila mkate ule hawaishi."

Nesta alitabasamu kidogo ili jirani asione haya. Alikuwa na miaka sabini na sita, na hakuwa amekuja kwa ajili ya mkate wala treni. Amekuja kumuuliza mdogo wake swali moja.

Mdogo wake huyo, Elwyn, ndiye aliyekuwa na meza kubwa ukumbini, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita. Siku Nesta alipomzika mumewe, Trefor, baada ya miaka arobaini na minane ya ndoa, aliweka mkoba wake kwenye nafasi ya pembeni yake kanisani ili mtu asiikalie. Mkoba ulikaa hapo mpaka wimbo wa mwisho. Elwyn hakutokea. Alikuwa mji mwingine, kwenye maonyesho kama haya, akiendesha treni zake. Alituma maua na kadi yenye jina lake tupu. Nesta hakupiga simu, Elwyn naye hakupiga, na katika ukoo wao kununa ni kazi ya kudumu yenye pensheni. Tangu hapo mtu akitaja treni mbele ya Nesta, nyongo inampanda.

Kisha, wiki iliyopita, Haydn, akiwa upande wa pili wa ua unaotenganisha nyumba zao, alimwambia kwamba macho ya Elwyn yamechoka, meza ameiuza kwa mtu wa Uholanzi, na Jumatatu inafungwa na kupakiwa. Nesta alikuwa anaanika shuka. Aliibana ile pini ya mwisho, akasema, "Nipeleke." Haydn, ambaye kama kijiji kizima alijua kila kitu, alijifanya hajui lolote, akaanza kuhesabu masharti yake.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: kwa nini hukuja? Jibu likiwa treni, basi. Atarudi nyumbani, na watakaa hivyo hivyo mpaka mmoja wao naye azikwe, na huyo mwingine aamue kama atakwenda.

Ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa wanaume wa makamo waliovaa sweta, na joto la chai. Meza zilizunguka kuta zote, kila moja na nchi yake juu, na treni zilipita zikinguruma kwa sauti ya cherehani. Nesta alisimama mlangoni.

"Meza yake iko wapi?"

"Mwisho kabisa, karibu na ngazi za mazoezi," alisema Haydn. "Lakini hatuanzi huko. Raundi ya kwanza unatembea tu, husimami. Raundi ya pili unasimama. Anayeanza kwa kusimama anajikuta saa nane bado yuko meza ya pili, anaangalia banda la kuku."

Siku nyingine Nesta angemwambia ashike adabu, yeye si mtoto wa kupangiwa. Leo alishukuru kupangiwa. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini alipikia shule nzima na kuwatisha walimu wakuu watatu alimfuata jirani yake kimya kimya, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Na kwa kuwa alikuwa anaogopa, aliangalia. Kulikuwa na milima yenye theluji na treni nyekundu inayopanda ikizunguka. Kulikuwa na bandari iliyojengwa ndani ya sanduku la nguo, na mwenyewe amekaa nyuma yake anafuma soksi. Haydn alimwambia ainame, macho yawe usawa wa reli, na alipoinama mji ukakua, ukuta ukawa ukuta na dirisha likawa na mtu ndani. Alijishika akicheka peke yake mbele ya kiwanda cha pombe ambako kibarua mmoja, mrefu kama kucha, alikuwa amelala nyuma ya mapipa.

"Wanaweka watu wanaowajua," alisema Haydn. "Huyo aliyelala ni shemeji yake mwenye meza. Shemeji hajaambiwa."

Walikula mikate yao saa nne na nusu wakiwa wima, mafuta yakiwachuruzika vidoleni. Haydn aliongeza sharti moja. "Ukifika kwa Elwyn, usimsemeshe treni ikiwa inatembea. Hapa hatufanyi hivyo. Unangoja isimame, ndipo unauliza. Mwendeshaji akijibu huku treni inatembea, ujue kitu kitaanguka."

"Na asiponijibu ikiwa imesimama?"

Haydn alipangusa vidole kimoja kimoja. "Basi angalau umekula," alisema, kisha akaona aibu, akamshika kiwiko. "Atakujibu, Bi Nesta."

Kibao kilisema: PONTGELYN, JUNI 1961. Nesta alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Ilikuwa nyumbani kwao. Nyumba ya mlinzi wa geti la reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni, ya mawe, na chumba chake juu ya jiko, na pazia la kijani alilolishona mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano likaenda upande. Kamba ya nguo ilikuwa na suruali ndefu za ndani za baba yao, mbili, na moja ina kiraka. Bustani ilikuwa na maharage yaliyofika nusu ya fito, kama yanavyofika mwezi wa Juni na si mwezi mwingine. Mama yao alikuwa mlangoni, mikono ndani ya aproni. Nesta aliishika kamba iliyowazuia watazamaji, akaibana, machozi yakamjaa, na hakujali nani anaona.

Elwyn alikuwa nyuma ya meza, peke yake, mwenzake amekwenda kula. Amekonda. Miwani yake imekuwa minene kama kitako cha chupa. Alikuwa akisoma ratiba karibu kabisa na pua na kuendesha treni ya abiria, na hakuinua uso.

Treni iliingia stesheni, ikasimama. Kabla Nesta hajafungua kinywa, bwana mmoja mwenye kofia iliyojaa beji alimtangulia.

"Hicho kichwa chako cha treni, rangi hiyo si ya mwaka sitini na mbili?"

"Kilipakwa Aprili sitini na moja," alisema Elwyn bila kumwangalia. "Tarehe ninayo, ukiitaka."

"Na gari la maziwa?"

"Namba yake iliandikishwa mwaka hamsini na nane. Bwana, Juni sitini na moja ni Juni sitini na moja. Hata ua lililochanua Julai halimo humu."

Watu walicheka. Haydn alimnong'oneza Nesta kwamba huyu mdogo wake ndiye mkali kuliko wote. Mwaka juzi alimrudisha mwenzao nyumbani na basi lake zuri kwa sababu mabasi ya aina ile yalitoka kiwandani wiki mbili baada ya Juni hiyo.

Bwana wa beji hakuwa wa kukata tamaa. Treni iliondoka, geti likafungukia barabara, lori likapata nafasi ya kupita. Akanyoosha kidole. "Sawa. Lakini kuna kosa pale. Geti limefunguka, njia nyeupe, na mtu wa posta amesimama na baiskeli yake, haendi. Anasubiri nini?"

Elwyn aliirudia ratiba yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tarehe.

Nesta aliangalia. Kando ya geti, upande wa kwao, alisimama mtu wa posta, mkono mmoja kwenye usukani, kofia imeinuliwa nyuma ya kichwa hadi nywele zikaonekana. Hakuna mtu mwingine Pontgelyn nzima aliyevaa kofia ya serikali kwa ufedhuli namna ile. Na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifika getini, akalikuta wazi, akasimama kulisubiri lifunguliwe. Baba yao alikuwa akimfokea dirishani, "Wewe, pita, geti liko wazi," naye anasema asante mzee, nitapita, na hapiti, mpaka Nesta atoke na ndoo ya maji asiyoihitaji.

Treni ilikuwa inatembea. Nesta alikumbuka sharti, akangoja. Ilipotokomea nyuma ya pazia la milima na kusimama huko, alisema, "Elwyn."

Elwyn aliijua ile sauti kabla hajaona sura. Mkono wake ulibaki juu ya swichi.

"Mwaka sitini na moja Trefor alikuwa hajaja huku," alisema Nesta. "Alihamishiwa posta ya kwetu Oktoba sitini na mbili."

"Najua, dada."

"Mara ya kwanza alikuja na mvua. Si Juni."

"Najua."

Bwana wa beji aligeuza kichwa huku na huku. "Kwa hiyo ni kosa kweli?"

"Ni kosa," alisema Elwyn. "Miezi kumi na sita. Nimelifanya kwa makusudi." Alivua miwani, na bila miwani alikuwa na ule uso wake wa miaka kumi na moja. "Nilimchonga wiki ile ile ya mazishi. Nilikuwa nimevaa tayari, dada. Suti, tai, viatu nimevipiga rangi. Nikafika kwenye gari, mguu ukakataa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, yeye ndiye aliyenifundisha kushika kifaa cha kuunganishia waya nisijiunguze. Nikasema nikienda watamshusha mbele ya macho yangu. Wenzangu walikuwa na maonyesho, nikajiambia wananitegemea. Hawakunitegemea. Nilikuja kujificha huku nyuma. Humu kila siku ni Juni, hakuna anayekufa."

"Nilikuwekea nafasi," alisema Nesta. "Niliweka mkoba."

"Niliambiwa. Baada ya hapo ndiyo nikashindwa kabisa kupiga simu. Ningesema nini?"

"Ungesema hayo uliyosema sasa hivi, mjinga wewe. Miaka sita nimekaa nadhani ulichagua treni."

"Nilichagua treni," alisema Elwyn. "Nilimchukua na yeye nikamweka humo. Lakini wewe nilikuacha peke yako, na hilo sina tarehe ya kulitetea. Nisamehe."

Nesta alikuwa ameyaandaa maneno kwa miaka sita, makali, yamepangwa kama visu kwenye droo. Aliyatafuta yote, hakuliona hata moja. Alichokiona ni kwamba mdogo wake amezeeka, na amekuwa akimlilia mume wake muda wote huu mahali ambapo yeye aliapa hatakanyaga.

"Toka huko," alisema. "Njoo hapa."

Sasa, kutoka nyuma ya meza ile hakukuwa na mlango. Ncha moja iligusa ukuta, ncha nyingine iligusa meza ya jirani, na njia ilikuwa chini, kwa magoti. Waendeshaji huingia asubuhi na kutoka wageni wakishaondoka, na kati ya hapo wanapokezana. Hakuna anayeiacha meza peke yake watu wakiwa wamesimama. Elwyn hajawahi, kwa miaka thelathini na mmoja. Alitazama ratiba. Akatazama watu, ambao sasa walikuwa wamefika safu mbili. Akaizima taa ya swichi, akatoweka.

Chini ya meza kulisikika kitu kikigonga ubao, na neno moja la Kiwelsi ambalo mama yao asingelipenda. Kichwa chenye upara kikatokea, kisha bega, kisha akakwama.

"Goti," alisema Elwyn akiwa sakafuni. "Goti limegoma."

Haydn aliupokea mkoba wa Nesta bila kuambiwa. Nesta alipita chini ya kamba, jambo ambalo nalo haliruhusiwi, akainama, akamshika mdogo wake kwapani kwa mikono ile iliyobeba sufuria za shule, akamvuta. Alitoka na vumbi, na kipande cha waya sikioni. Hawakusimama mara moja. Walibaki wamepiga magoti pale sakafuni, wazee wawili, uso kwa uso, na Elwyn akaanza kulia kama mtu aliyekuwa anangoja ruhusa, na Nesta akamkumbatia kichwa.

Bwana wa beji alingoja, kwa heshima yote aliyokuwa nayo, kama dakika nzima. Kisha akaangalia saa yake, akaiangalia ratiba iliyobandikwa ukingoni.

"Samahani," alisema. "Na treni ya maziwa? Ilitakiwa iwe imeshatoka."

"Itasubiri," alisema Elwyn, bila kuinua uso kutoka begani kwa dada yake.