Kimo cha Nyumba ya Bi Mwanahalima

Jumanne saa tatu asubuhi, Fredy mpimaji aliweka kidude chake cha setilaiti kwenye kizingiti cha Bi Mwanahalima, pale Utende, akasubiri kidogo, akaandika kwenye fomu: kimo, hasi mita ishirini na mbili.

"Hasi ndiyo nini, mwanangu?"

"Nyumba iko chini ya bahari, mama. Na bahari ni ya hifadhi. Hati ya kiwanja haitoki."

Hati hiyo Bi Mwanahalima aliisubiri miaka tisa. Akamwonyesha mnazi wa mwisho wa kiwanja, ambao marehemu mumewe aliuchanja panga pale maji ya bamvu kubwa kuliko yote yalipofika. Alama ilikuwa chini sana ya kizingiti. Fredy akasema mashine haidanganyi.

Adhuhuri bahari ikaitii fomu. Iliingia kwa Bi Mwanahalima tu, ikasimama wima mita ishirini na mbili, kwa jirani haikudondosha hata tone. Samaki mmoja mnene, chewa, akahamia chini ya kitanda. Bi Mwanahalima aliendelea kupepeta mchele, chuya zikipanda juu badala ya kuanguka. Kilichomuudhi ni nguo: siku tatu kambani, hazikauki.

Ijumaa akaja binti yake Tasnim, mwalimu wa jiografia.

"Setilaiti zote ziko juu, mama, chini ya miguu yetu hakuna hata moja. Ndiyo maana kimo kinazibabaisha. Tena kile kidude hakihesabu kutoka majini. Kinahesabu kutoka kwenye dunia ya kuchora, laini kama yai, na hapa kwetu yai hilo limepita mita ishirini na nane juu ya bahari. Karibu Mafia nzima ni hasi. Lazima mtu asahihishe, aongeze hizo ishirini na nane."

"Hata hoteli?"

"Hata hoteli."

Hoteli ilikuwa ya pili tu kutoka kwao, kavu kama kaukau, wageni wake wakimpiga picha chewa. Mama na binti wakaenda kwa Fredy, wakaomba kuiona fomu ya hoteli. Hasi ishirini na tatu, imekatwa kwa kalamu nyekundu. Juu yake: tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo kalamu nyekundu iko wapi?"

Fredy akapapasa mifuko, yote minne.

"Imekwisha wino."

Bi Mwanahalima aliporudi, barua ilikuwa imeshamtangulia, inaelea sebuleni: ombi limekataliwa, na chewa asiguswe. Akaisoma mara mbili, akaianika kambani pamoja na nguo.

Nayo haijakauka mpaka leo.