Mawe Tisa Juu ya Barafu Katulia

Katika nchi ya Neemani, ambako maji hayakauki na shayiri huinama kwa uzito wa masuke yake, watu walizaliwa katika shukrani, wakakua katika shukrani, na wakazikwa nayo mdomoni. Ila walimshukuru asiyehusika. Kapu la kwanza la kila mavuno lilipelekwa kwa taadhima nyumbani kwa Bwana Majisifu, kwa kuwa babu yake, Jembekuu, alisadikiwa kulichimba bonde lote kwa mikono yake miwili. Mistari mirefu iliyokwaruzwa kwenye miamba ya bondeni iliitwa alama za jembe lake. Na lile jangwa la nyuma ya mlima liliitwa Laanani, ikisemwa kwamba Jembekuu aliwanyima mvua wakazi wake walipokataa kumpigia magoti.

Juu ya bonde ililala barafu kuu. Waliiita Katulia, maana hakuna aliyewahi kuiona ikitikisika.

Aliyeijua kwa karibu alikuwa mmoja tu, Fundi Makini, mchonga mawe ya kusagia, mtu wa makamo mwenye vidole vilivyokakamaa kama mizizi. Kila kiangazi alipanda kuokota mawe yaliyotapakaa kwenye ncha ya barafu, mawe yasiyofanana na mwamba wowote wa pale yalipolala. Alijiuliza yalitoka wapi, lakini hakuuliza kwa sauti. Kunyamaza kulimlisha.

Mwaka huo Bwana Majisifu alipanda mwenyewe kukagua mpaka wake, akashuka amefura kwa hasira, na kesho yake Makini akasimamishwa mbele ya Kadhi Mizani.

"Miaka ishirini iliyopita," alisema Majisifu, "nilivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, nikapanga mawe tisa juu ya Katulia, yamenyooka kama safu ya sala. Leo safu imepinda kama upinde! Kule hapandi mwingine ila huyu. Aliyesogeza mpaka hufukuzwa aende Laanani, asirudi. Hiyo ndiyo sheria."

"Fundi, una neno?" aliuliza Kadhi.

"Ninalo, Kadhi. Jiwe la katikati waliliburuta watu kumi na wawili. Mimi mgongo unanilalamikia hata nikiinua kinu. Aliyeyasogeza ni Katulia mwenyewe."

Baraza likaangua kicheko.

"Barafu ina miguu?" alidhihaki Majisifu. "Labda na viatu inavaa!"

"Yapangeni upya," alisema Makini. "Walinzi wawe wako, Bwana. Mwezi mmoja tu. Safu ikibaki imenyooka, nitajifukuza mwenyewe."

Kadhi akakubali. Nje ya baraza mke wa Makini, Bi Radhia, alimngoja amejishika kiuno.

"Miaka thelathini nafua kanzu zenye vumbi la mawe," alimwambia, "na leo mawe hayohayo yanataka kuniacha mjane na mume yu hai. Ulikuwa na kazi gani na mambo ya wakubwa?"

"Nivumilie mwezi mmoja."

"Nikishaona barafu ikitembea, nitamngoja na mbuzi aimbe?"

Mawe yakapangwa kwa kamba, alama zikatiwa kwenye miamba ya kingo zote mbili, na mlinzi aliyeitwa Kodomacho akapiga hema kando ya jiwe la katikati. Mwezi ulipotimia, baraza zima likapanda likihema. Kamba ikavutwa tena kutoka alama hadi alama. Mawe ya pembeni yalikuwa yameipita kamba kwa shibiri chache. Lile la katikati lilikuwa limeshuka hatua nane.

"Kodomacho!" alifoka Majisifu. "Umehongwa!"

"Bwana wangu, jiwe hili nimelikalia mwezi mzima. Ikiwa limesogezwa, basi nami nimesogezwa, pamoja na hema, na sufuria, na maharage yaliyomo."

Hata Kadhi alicheka. Kisha Makini akawashusha hadi pembeni, ambako barafu ilikuwa imejiinua kidogo juu ya mwamba. Chini ya tumbo lake mawe yalikuwa yameng'ang'aniwa kama meno katika ufizi, na mwamba uliokwisha kupitiwa ulikuwa na mikwaruzo mibichi, mirefu, yote ikielekea upande mmoja, sawa kabisa na ile ya bondeni. Kadhi Mizani akaipitishia kidole.

"Bwana Majisifu," alisema taratibu, "jembe la babu yako bado liko kazini, na mshikaji simwoni."

Makini akaachiwa huru. Bi Radhia alilia, kisha akakana kwamba alilia. Lakini watu walibaki wamesimama, wamepotewa; walizoea kushukuru, na sasa shukrani yao haikuwa na mwenyewe.

"Kapu la kwanza tumpe nani?" aliuliza mmoja. "Barafu haili shayiri."

"Mungu tumshukuru kila siku," alijibu Makini. "Ama kapu, fuateni mawingu. Yanatoka baharini yakielekea upande wa pili. Mlima huu huyazuia, nayo hutua mzigo wao hapa: theluji hulundikana ikawa barafu, na barafu ikatuchongea bonde. Kule huvuka matupu. Maji tunayokunywa yalikuwa njiani kwenda kwa wenzetu wa Laanani. Hatukuwaibia, lakini hata ahsante hatujawahi kuwaambia."

Mavuno yalipofika, Makini alilibeba kapu mwenyewe, Kodomacho akimpokea penye mlima mkali.

"Umeponea chupuchupu kufukuzwa huko," alisema Bi Radhia akimfungia mikate, "sasa unakwenda kwa miguu yako!"

Siku ya nne walimkuta mwanamke mzee, Bi Stahimili, kivulini mwa mwamba mnene juu na mwembamba chini, kama uyoga.

"Watu wa Neemani?" alisema. "Mlituita waliolaaniwa. Leo mnatuletea kapu?"

"Tumechelewa, mama," alisema Makini. Mkono wake ulikuwa umeshagusa shingo ya mwamba, laini kama kazi ya mwezi mzima. "Nani aliyechonga hapa?"

"Upepo, na mchanga mkononi mwake. Hula chini zaidi, maana mchanga haurukii juu sana."

Makini akatabasamu kama aliyekutana na fundi mwenziwe. Bi Stahimili akainua kibuyu, akamimina maji yaliyojaza nusu kikombe tu, akampa mgeni kwanza. Makini akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema ahsante. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliyeambiwa ndiye aliyetoa.