Chiriku Haipatikani

Shemeji alimwacha dada yangu, ila sauti yake alibaki nayo. Sisemi kwa mafumbo. Sauti ilikuwa ndani ya kompyuta yake, kwenye faili moja, silabi juu ya silabi, na programu ya kulifungua faili hilo na kulifanya liseme niliiandika mimi.

Ofisi yetu, mimi na Shemeji, ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Fundi wa chini akianza kukata kioo, sisi wa juu tunauma meno. Ndiyo maana Dada hakurekodiwa ofisini. Alirekodiwa nyumbani kwao, ndani ya kabati la nguo, amejibana kati ya makoti na mashuka, kipaza sauti kimefungwa kwenye hanga, na Shemeji nje ameshika mlango usilie. Ba, be, bi, bo, bu. Cha, che, chi, cho, chu. Alikuwa akitoka humo jasho linamtiririka, anacheka, anasema, "Leo nimemaliza ukoo wa M. Kesho mnipe maji kabla, si baada."

Kazi ilikuwa ya shule ya wasioona. Kompyuta zao zilikuwa na msomaji wa skrini, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa, lakini sauti yake ilitengenezwa kwa ajili ya lugha za watu wengine. Ikikutana na neno "mwanafunzi" inalitafuna kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Walitaka sauti inayosoma Kiswahili kama mtu. Na Dada anajua kusema. Kazi yake ni kukaa dirishani kwenye zahanati na kuita wagonjwa, na hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili kama ni yeye aliyeitwa. Nyumbani wakati wa uchumba Shemeji alimpachika jina la Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haachi kusema, na jina likamganda.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana bila hicho hamtaelewa kilichofuata. Sikuichanganya sauti na programu. Niliiweka kando, kwenye faili lake, lile ambalo sisi tunaoandika kwa lugha ya C tunaliita maktaba: programu ikianza kazi inaliita, linafunguka, linafanya yake. Shida ni kwamba kila mfumo una tabia zake. Windows inataka faili lenye mkia wa dll na ina namna yake ya kulifungua. Linux inataka mkia wa so, Mac wa dylib, ila hao wawili hufungua kwa amri moja, dlopen. Kwa hiyo niliandika mafaili mawili ya kufungulia: moja la Windows, moja la hao ndugu wawili. Programu yenyewe haikujua iko wapi. Leo ipo kwenye Windows, kesho kwenye Linux, inasema vilevile. Na ukitaka kubadili sauti, unang'oa faili la zamani, unachomeka jipya, programu haishtuki. Nilijivunia hilo. Bado najivunia, na ndilo linaloniuma.

Kulifungua faili peke yake hakutoshi. Lazima pia uitaje kwa jina kazi unayoitaka iliyomo ndani, herufi kwa herufi. Jina hilo unaliandika ndani ya alama za nukuu, na kompaila, ile inayoijenga programu kutoka kwenye msimbo tuliouandika, na ambayo kwa kawaida inakugombeza hata kwa nukta, hapo inapita ikipiga mluzi. Kwake hayo ni maneno tu. Jina likiwa limekosewa, utajua siku programu inapoendeshwa, mbele za watu.

Jina nililolichagua lilikuwa chiriku_sema. Shemeji alicheka alipoliona. "Umemweka dada yako ndani kabisa," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo. Na asitolewe." Akaahidi pia kwamba kwenye ukurasa wa "Kuhusu" wa programu kutaandikwa sauti ni ya nani.

Halafu nyumba yao ikaanza kuungua bila moshi. Sitaki kueleza ya chumbani kwa watu. Najua tu kwamba siku waliyogombana ule ugomvi wa mwisho, mchana, Dada alikuwa bado ana ukoo mmoja wa silabi haujasomwa: ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u. Alifuta uso, akaingia kabatini, akazisoma, akatoka, akafunga mizigo. Ukiwa hujui, husikii kitu. Ukiwa unajua, kila programu iliposema "ng'ombe" au "kung'oa", katikati ya maneno yaliyotulia, ilipita silabi moja iliyotoka kulia.

Dada akahamia kwangu. Nilitaka kuacha kazi siku ileile.

"Usithubutu," aliniambia. "Ukitoka wewe, nani ataimaliza? Watoto wataisikia lini?"

"Dada, yule mtu kakufukuza."

"Hakunifukuza. Nimeondoka. Na hilo si lako. Nimekuuliza, watoto wataisikia lini?"

Kila niliporudi jioni swali lilikuwa hilo. Hakuuliza habari za mumewe wala ofisi. Anamenya viazi, kisu kinazunguka, anauliza, "Bado?" Nami nasema, "Bado." Basi nikabaki kazini. Nilibaki kwa ajili yake, nikiwa na hasira inayochemka kama sufuria lililofunikwa. Kila asubuhi nilimwita yule bwana "Shemeji" kwa sauti ya juu makusudi, hadi siku moja akaniambia, "Mimi si shemeji yako tena, bwana. Tuheshimiane." Nikamwambia, "Sawa, Shemeji."

Siku ya kupeleka kazi shuleni ilifika. Shemeji alikuwa amekaa na msimbo wa maktaba siku kadhaa, anasema anausafisha, akauleta kwenye flashi. Yeye hufanyia kazi Windows. Kwake ilikuwa imejaribiwa na inasema vizuri. Kompyuta za shule zote ni Linux, kwa hiyo tulikubaliana nitaijenga palepale.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kando ya kuta na madirisha makubwa ambayo hakuna aliyeyahitaji isipokuwa sisi wawili. Wanafunzi walikuwa wameketi, hedifoni shingoni, vidole kwenye kibodi, wametulia kama watu wanaosubiri mgeni. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, yeye mwenyewe haoni, alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma.

"Mtengenezaji ni wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Unanukia hasira. Au ni sabuni?"

Wanafunzi wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikaijenga. Kompaila haikusema neno. Nikaiendesha.

Badala ya Dada, ikasema ile sauti ya zamani, ile ya kokoto mdomoni, maana ndiyo inayosoma kila kinachotokea kwenye skrini. Ilisoma ujumbe wa kosa nilioutunga mwenyewe, kwenye spika, chumba kizima kikisikia:

"Kosa. Chi-ri-ku sema. Haipatikani."

Nikaendesha tena, mjinga mimi, kana kwamba ingebadili mawazo.

"Kosa. Chi-ri-ku sema. Haipatikani."

Mtoto mmoja akaiga, "Chi-ri-ku!" Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshaganda. Nilielewa mara moja. Maktaba imefunguka, sauti imo, ila ndani hamna tena kitu kinachoitwa hivyo. Kuna mtu kakifuta. Kalifuta jina kwenye maktaba na kwenye faili la Windows, ndiyo maana kwake inasema, lakini faili la Linux halimo kwenye mradi wake. Hata akitafuta neno kutwa nzima halimjii. Nikafungua msimbo wake. Palipokuwa na chiriku_sema paliandikwa sauti_sema. Nikafungua ukurasa wa "Kuhusu". Mtupu.

"Chiriku ni nani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ah, ni jina la majaribio tu, mwalimu," Shemeji alisema haraka. Akaniinamia sikioni. "Badilisha hilo neno moja. Tumalize."

Neno moja. Nilikuwa nimeshalifikia kwa kishale. Kufuta herufi, kuandika herufi, kujenga upya, na Dada angesema chumba kile kizima. Najua. Msinikumbushe.

"Ulimtoa," nikasema.

"Sio hapa."

"Ulimtoa nyumbani, ukaona haitoshi."

"Muulize dada yako," alisema kwa meno. "Ukifika nyumbani muulize. Sasa hivi badilisha neno."

"Nimuulize nini? Kwamba ulimwibia sauti ukamtupia jina dirishani?"

Nilikuwa nimesimama. Wanafunzi walikuwa wamegeuza nyuso zao kwetu, si kutuangalia, kutusikiliza, na hilo lilikuwa kali zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "Chiriku ni dada yangu. Sauti iliyo humu ni yake. Huyu bwana alikuwa mumewe. Amemwacha, amemfuta jina, na sasa anawaletea sauti yake kama ameiokota barabarani. Dada yangu hakuridhia."

Hakuridhia. Nililitoa neno hilo likiwa limenyooka na zito, na wakati linatoka nililiona ni zuri.

Mwalimu mkuu alikiachia kiti changu. Halafu akamuuliza Shemeji, "Ni kweli?"

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ameshikwa. Sikujua kuna mtu anaweza kunyamaza kwa sababu jibu si lake la kutoa.

"Hapa sauti ndiyo uso," mwalimu mkuu alisema. "Siwezi kuwapa watoto uso wa mtu ambaye hakuridhia. Programu ni nzuri, nimeambiwa sauti inaweza kubadilishwa. Tuleteeni nyingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliondoka na heshima yangu kichwani kama kofia. Shemeji akanunua sauti iliyotengenezwa tayari, ya mwanamume, akang'oa faili la Dada, akachomeka hilo. Programu haikushtuka. Si niliwaambia?

Jioni nilipofika, Dada alikuwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Bado?" aliuliza.

Nikamsimulia yote, nimesimama kati ya mashati yaliyolowa nusu, mikono inaruka. Nilimsimulia vizuri. Nilipofika kwenye "hakuridhia", aliacha kuanua.

"Ulisema hivyo?"

"Mbele yao wote."

"Mimi ndiye niliyemwambia alitoe."

"Atoe nini?"

"Jina. Lile la Chiriku. Ni yeye aliyenipa, nikiwa bado namcheka kila anachosema. Sikutaka litajwe na mashine, wala liandikwe popote. Nilimwambia achukue sauti, aache jina. Akakubali bila ubishi. Ni jambo pekee mwaka huu alilonikubalia bila ubishi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelikubali?"

Nilianua shati moja, nikalirudisha palepale kwenye kamba.

"Jina ulilitaka wewe, bwana mkubwa," alisema. Hakupaza sauti. Yeye ambaye sauti yake inafika mwisho wa korido ya zahanati, alisema kama anajisemea. "Mimi nilitaka wasikie tu."

"Twende kesho shuleni. Umwambie mwalimu mkuu uliridhia."

"Nikamwambie nini? Kwamba mdogo wangu ni mwongo?"

"Mwambie."

"Siwezi." Akakunja shati langu, mikono nyuma, kola juu, kama anavyokunja tangu nikiwa mdogo. "Umebaki wewe tu, halafu nikakuvunje mbele ya watoto?"

Mpaka leo nasema nilikuwa na haki ya kukasirika. Mtu akimwona dada yake anafutwa, akae kimya? Nasema hivyo na mtu yeyote atakayebisha aje. Ila wiki chache baadaye nilipita nje ya ile shule, madirisha yakiwa wazi, nikaisikia ile sauti ya kununuliwa ikiwasomea. Ilisoma "ng'ombe" ikasema "ngombe". Haina ule ukoo. Na watoto, kwa pamoja, kwa utii, wakarudia: "Ngombe."

Sikumweleza Dada hilo. Lakini siku moja ya mapumziko alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, kitambaa cha vyombo begani.

"Hilo faili unalo bado?"

"Ninalo."

"Ifanye iseme ng'ombe."

Niliandika neno. Sauti yake ya kabatini ikatoka, safi, karibu, na ile silabi ya kwanza ikapita na maji yake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniomba niirudie. Nikairudia.

"Kumbe inasikika," alisema.

"Inasikika kidogo tu."

"Nilidhani nilijifuta vizuri." Alichukua kikombe changu kilichokuwa mezani, kilikuwa bado na chai. "Basi afadhali hawakuisikia."

Nikageuka nimtazame usoni, nijue kama anasema kweli au ananihurumia. Alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea jikoni, na bomba likafunguliwa.