Mama Kapteni Anapokea Simu

Uvumi uliingia dukani pamoja na sketi ya bluu iliyotakiwa kupigwa pasi. Aliyeileta alikuwa mhudumu wa ndege, msichana mwenye mdomo usio na breki, na hata hajaitoa sketi mfukoni alikuwa ameshaanza.

"Mama Kapteni, umesikia? Siku kampuni zikiungana, asiyekuwa kazini siku hiyo ndiyo basi tena. Mgonjwa, aliye likizo, wote mkiani. Wanaanza upya kama walioajiriwa jana."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anasema."

Mama Kapteni alikuwa amezoea maneno. Duka lake la kufua na kupiga pasi lilikuwa karibu na geti la uwanja wa ndege, na maneno yaliingia na kutoka humo kama mvuke. Lakini haya yalimganda kama kupe. Binti yake alikuwa kapteni katika ile kampuni ndogo inayoungana na kampuni kubwa, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo ya uzazi, akilea mtoto wa kiume ambaye wote walimwita Meneja, kwa sababu alilala wenzake wakifanya kazi na akiamka anagombeza kila mtu.

Kwa asiyeijua kazi ya urubani, mambo yako hivi. Marubani wana foleni yao. Aliyeajiriwa mwanzo yuko mbele, na wa mbele ndiye anayechagua safari kwanza, ndiye anayekaa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, na kampuni ikipunguza watu yeye ndiye wa mwisho kuguswa. Hakuna kurukana. Sasa chukua foleni mbili za madirisha mawili, mwambie kila mtu dirisha limebaki moja. Nani anasimama mbele ya nani? Hapo ndipo watu wazima wenye mistari ya dhahabu mabegani hukunjana mashati.

Mama Kapteni aliyajua hayo yote kwa kuyasikia tu, maana yeye mwenyewe aliishia shule ya msingi. Akawaza: mwanangu atashushwa kwa kosa la kuzaa? Akawaza hivyo mpaka akasikia harufu. Kola ya shati la mteja ilikuwa imeungua rangi ya chai.

Jioni alimkuta binti yake amenyoosha miguu juu ya stuli, Meneja kifuani, dirisha wazi, nyumba imetulia mpaka unasikia mtoto anavyomeza.

"Mwanangu, likizo yako inaisha lini?"

"Bado sana. Umeshatuchoka?"

"Nauliza tu."

"Mama, wewe hujawahi kuuliza tu tangu nikujue. Sema."

Akasema. Binti akacheka, akamgeuza mtoto bega la pili.

"Hilo liko mezani, mama. Chama kinalibeba."

"Chama! Si ndicho kile cha kunywa chai na kupiga picha?"

"Chai tunakunywa, kweli. Ila ndicho kinachotusemea. Lala usingizi wako, bibi wa Meneja."

Usingizi gani? Kesho yake asubuhi binti aliingia kuoga, akaacha simu mezani. Ikaita. Mama Kapteni, Meneja begani, akaipokea ili isimwamshe mtoto. Nia yake ilikuwa hiyo tu.

"Habari za asubuhi, Kapteni," ikasema sauti ya kiume, laini. "Hapa ni ofisi ya utumishi."

Alifungua mdomo aseme subiri nimwite. Kilichotoka kikawa, "Nzuri."

Sauti yake na ya binti yake zilifanana hivyo. Hata marehemu mume wake alikuwa akiwachanganya kwenye simu.

"Tunapanga ratiba za baada ya kuungana. Tulitaka kujua kama una wazo la kurudi kazini mapema."

"Ninalo," akasema Mama Kapteni. "Hata Jumatatu."

"Vizuri sana, Kapteni. Tutakuandikia."

Akaweka simu chini akajiona mwepesi. Mwanangu nimemwekea nafasi, akajisemea, akaenda kuanika nguo za mtoto huku anaimba. Alikuwa hajamaliza kamba moja alipoitwa.

"Mama! Nani ameongea na ofisi?"

Mama Kapteni akaanza kurekebisha kofia ya Meneja, kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Mimi."

"Ukasema wewe ni nani?"

"Sikusema. Hakuuliza."

"Alikuita Kapteni?"

"Mbona hata dukani wananiita Kapteni."

"Mama Kapteni! Wanakuita *Mama* Kapteni, mama!"

Angeendelea kupiga kelele ingekuwa nafuu. Lakini alimsomea tu ujumbe aliotumiwa: wamepokea uamuzi wake wa kukatisha likizo, wanamshukuru, karatasi ya kutia sahihi inafuata. Kisha akampigia katibu wa chama.

Katibu alifika mchana, kapteni mfupi mnene, ametoka safarini moja kwa moja, shati limemkunjamana mgongoni. Mama Kapteni alijizuia kumvua alinyooshe. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso.

"Mama, sikulaumu," akasema. Akafikiri. "Hapana, nakulaumu kidogo."

"Nilaumu tu, baba. Lakini mwanangu amekwisha?"

"Hajaisha. Likizo inakatishwa na aliyeichukua, kwa sahihi yake mwenyewe, si kwa simu. Hiyo nitaimaliza leo hii. Ila ujue ulichofanya. Sisi tunasema muda wa likizo ya uzazi na wa ugonjwa uhesabiwe kama muda wa kazi. Kampuni inasema hakuna anayelalamika. Angeingia kazini Jumatatu, wangemwonyesha kila mahali: tazameni, mzazi mwenyewe karudi mbio, mnataka nini tena? Na wenzake walio likizo, na yule aliyelazwa kwa mgongo, wangeponzwa naye."

Mama Kapteni akakaa. Hilo la wenzake hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Kumbe uvumi ni uongo?"

"Si uongo, si kweli. Haijaamuliwa. Jumamosi marubani wa pande zote mbili tunapiga kura. Muda huo usipohesabiwa, kapteni wetu anarudi nyuma kwenye foleni, na kiti cha kushoto kinaondoka. Anakuwa msaidizi tena. Na kura ni ya kunyoosha mkono, mwenye mkono awepo ukumbini."

"Na mtoto?"

"Aje na mtoto."

"Na mimi?"

Katibu akamtazama binti. Binti akamtazama mama yake kitambo, mdomo ukaanza kumcheza.

"Aje. Ila asipokee simu ya mtu."

Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, feni moja inayolia. Watu wa kampuni ndogo walikaa kushoto, wa kampuni kubwa kulia, katikati njia nyeupe imebaki kama harusini kabla wakwe hawajazoeana. Mama Kapteni alikaa nyuma kabisa na Meneja na mfuko wake wa nepi. Kazi yake ilikuwa hiyo moja.

Aliyesimama kupinga alikuwa kapteni mrefu wa kampuni kubwa ambaye wenzake walimwita Masharubu, na ukimwona huulizi kwa nini.

"Sina ugomvi na mtu," akasema. "Lakini nilikuwa angani kwenye mvua na ukungu. Aliyekuwa kitandani anahesabiwaje sawa na mimi?"

"Na wewe ulipovunjika mguu kwenye mpira wa maveterani?" akadakia mwenzake wa upande uleule. "Ulihesabiwa au hukuhesabiwa?"

"Ule ulikuwa mguu!"

"Na huyu ni mtoto! Mguu wako unamsaidia nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kushoto na kulia. Binti akasimama. Hakusema mengi. Alisema anaomba kuhesabiwa tangu siku aliyoajiriwa, haombi hata siku moja ya ziada. Akasema leo ni yeye na aliyelazwa kwa mgongo, kesho ni yeyote aliyemo humu. Akakaa.

Masharubu alirudi nyuma kununa, akaketi kiti kilichokuwa tupu karibu na Mama Kapteni. Meneja akachagua saa hiyo kuchafua nepi, na mfuko ukaporomoka, chupa ikabiringika chini ya viti. Mama Kapteni akatazama huku na huku. Paja lililokuwa tupu lilikuwa moja.

"Nishikie," akasema, bila hata tafadhali.

"Mimi?"

"Una mikono au huna?"

Akampa. Akaokota chupa, akambadilisha Meneja palepale juu ya magoti ya kapteni, akarudi kuifunga takataka kwenye mfuko. Alipoinua kichwa, Meneja ameshika sharubu moja kwa ngumi yake, amelala fofofo. Yule mtu mrefu hathubutu hata kupumua.

Mbele, katibu alikuwa ameshaanza. Wanaokubali, mikono juu. Ilikuwa kama nusu ya ukumbi. Mama Kapteni alishindwa kujua ni nusu ndogo au nusu kubwa, na wahesabuji wenyewe walirudia mstari hadi mstari.

"Wanaopinga!"

Masharubu akajaribu kutoa mkono. Meneja akakunja uso, akataka kulia. Mkono ukarudi.

"Mama," akanong'ona, "mpokee huyu."

Mama Kapteni alisikia vizuri sana. Akasikia pia sauti nyingine ndani yake, ile ile ya kwenye simu: jifanye unatafuta kitu mfukoni, kidogo tu, kura moja inapotea hivi hivi, mwanangu anabaki kwenye kiti chake. Nani atakulaumu, bibi kizee na mfuko wa nepi? Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Akautoa. Alishamsemea mtu mzima mmoja wiki ile, ikatosha.

"Lete, baba," akasema, akafungua vidole vya mjukuu wake kimoja kimoja. "Nyoosha mkono wako mwenyewe."

Masharubu akamtazama, akanyoosha mkono juu kabisa. Kupinga. Mama Kapteni akaukumbatia mzigo wake na kufumba macho.

Waliokubali walizidi. Si kwa wingi, lakini walizidi. Kushoto wakasimama wakipiga makofi, na kulia nako wengine wakasimama. Kijana mmoja wa kulia akapaza sauti kwamba kura irudiwe, eti kuna watu walizuiwa.

"Mimi nimepinga," akasema Masharubu kutoka nyuma, sauti ya kapteni, "na nilikuwa na mtoto wa watu mapajani. Nikapokelewa mtoto, nikapiga kura. Nimeshindwa. Nani kazuiwa? Kaa chini."

Yule kijana akakaa.

Wakati wa kutoka katibu alimwinamia Mama Kapteni. "Kuna mtu kaniambia alichokiona huku nyuma. Ungemwachia Masharubu mtoto mpaka mwisho, kura nzima ingepingwa, na mwanao angekuwa wa kwanza kunyooshewa kidole."

"Mimi nilikuwa nabadilisha nepi tu, baba," akasema, na akaomba shati lake lije dukani Jumatatu, bure, maana lilikuwa likimuumiza macho.

Foleni mpya ilipotoka, binti alibaki kwenye kiti cha kushoto, na likizo yake akaimaliza yote akinyoosha miguu juu ya stuli. Aliyemfuata nyuma yake hatua moja alikuwa Masharubu. Siku hizi huleta mashati yake dukani.

"Mama Kapteni, yangu yapigwe kabla ya yale ya binti yako. Angalau huku nimtangulie."

"Hapa pia kuna foleni," humjibu. "Weka pale nyuma."

Yeye hucheka mpaka sharubu zinatikisika, na jioni nyumbani Meneja hugombeza watu wote, na bibi yake huridhika kugombezwa.

Basi wenye watoto makazini, haya mjiepushe nayo:

Usichukue habari ya dukani ukaifanyia kazi kabla hujamuuliza mwenyewe.

Usipokee simu ya mwanao ukakaa kimya ukiitwa kwa cheo chake.

Usimpangie mtu mzima siku ya kurudi kazini.

Usikubali jambo la kazi kwa simu. Wakuandikie, na usitie sahihi kabla chama hakijasoma.

Usikidharau chama kwa sababu ya chai.

Usikose mkutano wa kura. Mtoto si kisingizio, nenda naye.

Usimzuie anayekupinga kupiga kura yake.

Usishike pasi ukiwa na mawazo. Mashati meupe hayasamehe.