Hadi Tarehe Tisa

Kila Jumanne saa tatu kasoro robo, karani wa kamati alipanga chupa za maji mezani, moja kwa kila mheshimiwa, akachonga penseli mbili na kuitupia jicho kalenda ya ukutani. Walimwita Nukta, kwa sababu kumbukumbu za kikao hazikuwahi kutoka mikononi mwake zikiwa na nukta pungufu. Asubuhi hiyo alikuwa na lake moyoni. Kamati ilikuwa inajadili marekebisho ya sheria ya kupata taarifa, yatakayoilazimisha kila ofisi kumfungulia mwananchi faili analoliomba, na mama yake alikuwa ameshaandika barua saba kuomba faili moja tu: ripoti ya daraja lililoanguka na mwanawe, fundi rangi, akiwa juu yake. Alitaka kujua ni nani aliyetia sahihi kwamba daraja lile ni zima.

"Serikali inapewa hadi tarehe ishirini kuleta muswada," alisema mwenyekiti, akapiga meza hadi chupa zikatikisika. "Porojo basi."

Afisa wa wizara, mwanamume mpole mwenye mkoba mweusi, aliinamisha kichwa. "Mheshimiwa mwenyekiti, siku hiyo ikifika tu, muswada utakuwa mezani."

Nukta aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Jumatatu tarehe kumi na tisa watu walilala, wakaamka Jumatano tarehe ishirini na moja. Walimu walisogeza mtihani mbele. Fundi cherehani aliyeahidi suruali ya Jumanne alisema, safari hii kwa haki, kwamba kosa si lake. Kamati ilikutana, ikaona muda haujapita kwa kuwa siku yenyewe haikufika, ikaweka tarehe tatu. Mwezi uliofuata ukatoka tarehe mbili ukaingia tarehe nne, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Nukta aliiona. Alianza kumchunguza yule afisa, maana upole wa namna ile haukumwingia akilini. Mkoba wake ulikuwa umenenepa. Pembeni, pale zipu isipofunga vizuri, ulivuja mwanga wa saa nne asubuhi, ukatua kwenye zulia, hata nje kukiwa na mvua. Siku moja alisikia ndani yake kengele ya shule na watoto wakitoka mbio.

"Umebeba nini humo, bosi?"

"Makaratasi tu, dada," alijibu afisa, akausukuma mkoba kwa mguu chini ya kiti.

Nukta hakumwamini hata chembe. Aliuandika ule mwanga kwenye kumbukumbu, na ile kengele. Mwenyekiti alivifuta vyote viwili, kwa kuwa havikuwa kwenye ajenda.

Kikao cha tatu, afisa aliomba kupendekeza tarehe mwenyewe. "Tumekuwa tukichagua siku ovyo ovyo," alisema kwa sauti ya msibani. "Iwe tarehe tisa mwezi ujao, siku lilipoanguka daraja. Tuwaenzi marehemu wetu."

Waheshimiwa walipiga makofi. Mmoja alijifuta machozi. Nukta alijua hapo hapo kwamba siku hiyo nayo itaishia mkobani, ila karani hana kura. Alimkimbilia mwenyekiti kwenye korido.

"Mheshimiwa, naomba wekeni siku nyingine. Yoyote. Hiyo ni ya kaka yangu."

"Ndiyo maana inafaa," alisema mwenyekiti, akampigapiga begani.

Tarehe nane mama alipiga pasi gauni jeusi, akakata maua ya uani na kuyatia kwenye ndoo ya maji. Kila mwaka walikwenda kusimama ng'ambo ya mto, penye nguzo zilizobaki. Safari hii waliamka tarehe kumi. Mtu wa posta alileta jibu la barua ya saba, jibu la kwanza katika miaka sita, na Nukta akalisoma kwa sauti. Wizara ilisikitika kwamba imepekua kalenda yake na haikuona tarehe tisa ya mwezi huo. Kwa hiyo ajali inayodaiwa kutokea siku hiyo haikutokea, na haiwezi kuwa na ripoti.

Mama alivaa miwani, akalisoma mwenyewe mara mbili.

"Wameandika haikutokea?"

"Wameandika, mama."

"Na muhuri wamepiga?"

"Wamepiga miwili."

Mama alilirudisha gauni jeusi kabatini. Mchana alitoa sahani tatu badala ya mbili, ya tatu akaiweka upande wa dirisha. Nukta alikuwa na hasira. Alitaka kumwambia kwamba wale watu ni waongo, lakini hilo mama alilijua miaka yote sita. Akaenda jikoni kuongeza kijiko.

Walikuwa bado hawajaanza kula kaka alipoingia, ovaroli yake imejaa madoa ya rangi ya kijivu, mbichi bado. Alinawa mikono, akaketi dirishani. Mama alimpakulia, akamwangalia akitafuna tonge la kwanza hadi akalimeza.

"Mwanangu, nani alitia sahihi?"

"Hata sisi hatukuambiwa, mama," alisema. "Naomba chumvi."

Nukta akampa.