Maneno Katikati ya Nyimbo

Mwaka ule redio za deki mbili zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia Tunduma, Zenon na mkewe Kalista walifungua kibanda cha kurekodi kanda pale Majengo, Sumbawanga. Zenon alichagua nyimbo. Kalista aliongeza maneno: wimbo ukiisha, alishika maiki akasoma kifungu kifupi cha kitabu, au mistari aliyotunga mwenyewe, ilimradi yaendane na wimbo uliopita. Wimbo wa mtu aliyeachwa na treni, kwa mfano, aliufuatishia shairi la kungoja. Kazi hiyo aliipenda kuliko kula, na aliiweza, tusimnyime haki yake.

Zamu ya maneno ilipofika, Zenon alitoka nje kupiga soga. Hakuwahi kusikiliza hata kifungu kimoja, lakini maoni alikuwa nayo tele.

"Mama Adolfu," alisema asubuhi moja, "watu wanataka muziki. Hayo maneno yako yanakula kanda bure. Kuanzia leo nyimbo tupu."

Kalista aliifunga maiki kwenye kitenge, akaiweka juu ya kabati, na wiki nzima akauza betri huku roho inamuuma. Si amri iliyomuuma. Alihofu mumewe amesema kweli, kwamba miezi yote ile alikuwa anajisemea peke yake.

Jumamosi akaingia Maganga, dereva wa basi la Tunduma, uso kaukunja.

"Shemeji, ile kanda yangu ya zamani imekatika, na hii mpya umeniuzia mbovu."

Zenon akaiweka kwenye redio. Wimbo wa treni ukalia vizuri, ukaisha, ukaingia mwingine.

"Ubovu uko wapi?"

"Hapo hapo. Wimbo wa treni ukiisha kuna mtu anaongea. Yuko wapi?" Maganga akavuta kigoda, akakaa. "Abiria wakasema redio imekula kanda. Konda akasafisha hedi ya redio kwa pafyumu yake, basi zima likanukia kama bwana harusi. Halafu kuna mama mmoja hupandia Laela. Huja mbele kabisa, aseme yale maneno pamoja na dada hapa. Jana kakaa nyuma, kanuna mpaka Tunduma."

"Anayajua yote?" Kalista aliuliza.

"Yote, dada. Pale unapokohoa, naye anakohoa."

Kalista akageukia rafu za kanda wasimwone machozi. Alikuwa na furaha hata hajui aiweke wapi.

Zenon akapanda kiti mwenyewe, akaiteremsha maiki. "Haya, mama Adolfu. Sema."

"Sisemi. Umeyatoa wewe, yarudishe wewe."

Akamwandikia mistari ile ile nyuma ya karatasi ya kaseti, akairudisha kanda hadi pale wimbo wa treni unapoishia, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Zenon akasoma kama mtu anayetangaza mnada:

"Nimeupura ulezi, vumbi limenienea,
Ukipita we mpenzi, hodi yako nangojea."

Akausoma tena mstari wa pili, midomo ikicheza bila sauti. Kabla hawajaoana, msimu wa kupura ulezi, kila jioni alikuwa akipita kwa baba yake Kalista akisingizia kutafuta ng'ombe aliyepotea, na kwao hawakuwa na ng'ombe. Alipiga hodi mpaka mbwa wa pale wakachoka kumbwekea.

"Kalista," akasema polepole, "huyu ni mimi?"

"Kwani nilikuwa namngoja nani mwingine?"

Ndipo wakakumbuka kwamba redio bado inarekodi. Zenon akanyoosha mkono afute, Maganga akawahi kuichomoa kanda na kuitia mfukoni.

"Ukiifuta hii, shemeji, mimi hapa sirudi tena."

Tangu wiki ile, basi likishaondoka Laela na wimbo wa treni ukiisha, Zenon alisikika akiuliza, "Kalista, huyu ni mimi?" Na kabla Kalista hajajibu kwenye kanda, yule mama, akiwa kiti cha mbele kabisa, aliitikia pamoja na basi zima: "Ni wewe."